Mtoto wa Jicho Hasubiriwi Akomae

Rangi inayotangulia kuondoka ni buluu. Lenzi ya jicho, ile iliyo nyuma ya mboni, huwa angavu utotoni. Miaka ikisonga hugeuka manjano kidogo kidogo, kisha hudhurungi, na kadiri inavyogeuka ndivyo inavyoinyima buluu njia. Hakuna asubuhi utakayoamka ukakuta bahari imebadilika. Leo inafanana na jana, jana ilifanana na juzi, na mwenye jicho anaendelea na shughuli zake akiamini anaiona dunia kama ilivyo.

Hiyo ndiyo hila ya ugonjwa huu. Hauumi, hauwashi, hauchuruzishi machozi. Unamzoeza mtu ukungu, na akishazoea, yeye na watu wa nyumbani kwake wanakubaliana kwamba ni umri.

Mimi nilianza kukosa nyuso za watu kabla ya kukosa maandishi. Tanga tunaishi kwa salamu. Mzee ameketi barazani pale Ngamiani, unapita upande wa pili wa barabara, anakupungia mkono. Usipoitikia, jioni habari zimeshafika nyumbani kwamba siku hizi unaringa. Nilikuwa nikiipita mikono iliyoinuliwa bila kuiona. Watu nikawa nawatambua kwa mwendo, kwa kikohozi, kwa mburuzo wa kandambili. Usiku taa za bodaboda zilinijia na miali mirefu iliyofunika barabara nzima, nikaacha kutoka baada ya Isha. Mke wangu aliona nimeanza kupapasa ngazi kwa unyayo kabla ya kushuka. Hakusema kitu kwa muda, kisha akasema.

Katikati ya hayo likatokea jambo la kutia moyo: nikaanza kusoma gazeti bila miwani. Nimekutana na wazee wengi waliopitia kipindi hicho na kumshukuru Mungu kwamba macho yamerudi ujanani. Kinachotokea ni kwamba kiini cha lenzi kinapozidi kuwa kigumu, nguvu yake ya kupinda mwanga huongezeka, na mtu aliyezoea miwani ya kusomea huiweka kando kwa miezi kadhaa. Baadaye ukungu unashuka na maandishi yanapotea kwa miwani na bila miwani.

Daktari alinimulika na kusema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia likiwa limezidi. Nilipofika nyumbani na habari hiyo, ushauri ulikuwa mmoja kutoka kwa kila aliyekuja kunijulia hali: subiri akomae.

Ushauri huo nauheshimu, kwa sababu haukuzuka hewani. Zamani ulikuwa sahihi. Mfaransa Jacques Daviel, aliyeanza kuitoa lenzi yenye ukungu kwa mkato mwaka 1747, aliwapa wagonjwa mwanga, lakini aliwaacha na jicho lisilo na lenzi. Hali ikabaki hivyo kwa miaka mia mbili. Aliyepasuliwa alivalishwa miwani minene mizito, iliyokuza vitu kwa kama robo zaidi ya ukubwa wake na kupotosha kila kilichokuwa pembeni. Mtu aliinyooshea birika mkono akaikosa. Kwa hiyo ilikuwa busara kungoja mpaka ukungu uwe mbaya kuliko miwani ile.

Aliyeifuta sababu hiyo ni daktari wa Kiingereza, Harold Ridley. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitibu marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya akriliki kutoka kwenye vioo vya ndege zao, akagundua kwamba vipande hivyo vilikaa ndani ya jicho bila kulichokoza. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, akaweka lenzi ya akriliki ndani ya jicho la mgonjwa. Wakubwa wa taaluma yake walimpinga kwa miaka mingi. Alipewa heshima ya kuitwa Sir mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 93, baada ya yeye mwenyewe kuwa amewekewa lenzi kama zile alizozibuni. Lenzi hizo zilibaki ghali kwa nchi zetu mpaka kiwanda cha Aurolab, kilichoanzishwa mwaka 1992 na watu wa hospitali ya macho ya Aravind huko Madurai, India, kilipoanza kuzitengeneza na bei ikaporomoka hadi dola chache.

Tangu hapo kungoja hakuna faida. Kuna hasara. Lenzi iliyokomaa sana huwa ngumu na hufanya upasuaji uwe mzito zaidi. Ikiachwa, huweza kuvimba au kuvuja ndani ya jicho, presha ya jicho ikapanda, na jicho lililokuwa la kupona likafa kwa maumivu makali. Kwa mtoto mchanga aliyezaliwa na doa jeupe kwenye mboni, kungoja ni jambo baya zaidi, maana ubongo hujifunza kuona katika miezi na miaka ile ya mwanzo. Ukipita wakati huo, hata jicho likisafishwa haliwezi kuona ipasavyo. Mama yeyote akiona weupe huo aende hospitali wiki hiyohiyo. Wakati mwingine si mtoto wa jicho bali uvimbe wa saratani.

Basi nikaenda. Vipimo vilichukua muda mrefu kuliko upasuaji. Wanapima sukari na presha ya damu, wanakutia matone ya kutanua mboni, tena na tena, kisha mashine inapima urefu wa jicho na mpindo wa konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi. Kosa la milimita moja katika kipimo hicho linaweza kumfanya mgonjwa atoke na haja ya miwani ya namba karibu tatu, kwa sababu lenzi huchaguliwa kwa hesabu hiyo. Baada ya kujua hivyo sikuona tabu kukaa kwenye benchi.

Nilichokiogopa ni kisu. Mtaani kuna wanaoamini kwamba jicho hung'olewa, likasafishwa, likarudishwa, na mtu mzima mwenye akili zake anaweza kulibeba wazo hilo moyoni bila kulitamka. Haling'olewi. Nilichomwa sindano ya ganzi pembeni mwa jicho, na hiyo ndiyo sehemu pekee iliyouma. Uso ukafunikwa kwa kitambaa chenye tundu, kope zikashikiliwa kwa kibano, taa ya darubini ikawashwa juu yangu. Kisu sikukiona. Niliona mwanga ukitembea na kugawanyika, waridi, kijani, kisha buluu iliyokolea ambayo nilikuwa nimeisahau, na maji yakipita juu ya hayo yote. Nesi alinishika mkono. Alikuwa ameniambia nisikohoe wala kusogeza kichwa; nikihitaji, nimbane vidole. Daktari alizungumza taratibu na msaidizi wake, na kabla nusu saa haijafika akaniambia tumemaliza.

Alikuwa amepasua mkato mdogo wa mlalo kwenye weupe wa jicho, akafungua kifuko chembamba kinachoishikilia lenzi, akatoa kiini chote kwa pamoja, akaweka lenzi mpya ndani ya kifuko kilekile. Mkato wa namna hiyo una milimita sita au saba na hujifunga wenyewe bila uzi. Ni njia iliyoenezwa sana na madaktari wa Asia, Sanduk Ruit wa Nepal akiwa miongoni mwao, kwa sababu ni ya haraka na haidai mashine ya gharama. Kuna njia nyingine, ya kuisaga lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuifyonza kupitia tundu lisilofika milimita tatu. Mmarekani Charles Kelman aliivumbua mwaka 1967, wazo likiwa limemjia kwenye kiti cha daktari wa meno, akisafishwa meno kwa kifaa kinachotetema. Mwenye uwezo huichagua hiyo. Matokeo ya zote mbili, mikononi mwa daktari mzoefu, ni mazuri.

Bandeji iliondolewa asubuhi. Mwanga uliniumiza kwanza. Kisha nikauona uso wa nesi, na kwenye ukuta nyuma yake tangazo ambalo nililisoma lote, hadi jina la kiwanda cha uchapaji chini kabisa. Nikatazama mikono yangu, nikakuta mishipa na makunyanzi ambayo hakuna aliyeniarifu.

Kilichonishangaza zaidi kilikuja baadaye, nilipofunika jicho moja na kufumbua jingine. Kwa jicho jipya ukuta wa sebule ulikuwa mweupe. Kwa la zamani ukuta uleule ulikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilikaa pale nikifunika na kufunua, hadi mke wangu akaniuliza kama jicho linauma. Nilikuwa nikihesabu ni miaka mingapi nimeishi ndani ya ile chai.

Mchoraji Claude Monet aliishi humo pia. Aliambiwa ana mtoto wa jicho mwaka 1912, akaogopa kisu, akaendelea kuchora bustani yake ya Giverny kwa zaidi ya miaka kumi huku picha zake zikizidi kuwa nyekundu na hudhurungi, hata daraja na mayungiyungi vikawa vigumu kutambulika. Rangi alizitegemea kwa majina yaliyoandikwa kwenye tyubu. Alipasuliwa jicho la kulia mwaka 1923, na baada ya hapo akalalamika kwamba kila kitu ni buluu kupita kiasi. Yeye hakuwekewa lenzi. Ilikuwa bado robo karne na zaidi kabla ya Ridley. Nikisoma habari zake naona mtu mwenye kipaji kikubwa aliyeibiwa miaka na hofu, na wako wengi wa namna yake vijijini kwetu, wafumaji wa mikeka na mafundi cherehani.

Baada ya upasuaji kuna masharti: matone kwa wiki kadhaa, kutosugua jicho, kutoinua mizigo, kutoinama, kutoingiza maji jichoni. Kwa Mwislamu hayo yanagusa udhu na sijida, na najua wazee waliokataa matibabu kwa ajili hiyo tu. Imamu wetu alinijibu bila kusita: mgonjwa husali akiwa ameketi, na penye dharura uso hupanguswa kwa uangalifu. Natamani masheikh walitamke hilo kwenye mimbari, Ijumaa, watu wote wakisikia.

Jicho langu lilipotulia nilikwenda Muheza kwa shangazi.

Shangazi alikuwa akitembea kwa kushikwa mkono na mjukuu wake wa darasa la tatu. Siku za mnada na siku za kliniki ya presha mtoto hakwenda shule. Mboni za shangazi zilikuwa nyeupe, unaziona kutoka mlangoni. Niliposema apelekwe hospitali, wanawe waliitisha kikao, na kikao kikasema mama ni mzee, ada za shule zinakaribia, na isitoshe mtoto wa jicho hajakomaa. Yeye mwenyewe akasema, "Mwanangu, niacheni, msiharibu pesa." Mumewe, Mungu amrehemu, alipasuliwa macho yote mawili enzi za uhai wake. Hakikuitishwa kikao.

Hili si la familia yetu peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 94 ni vipofu au wana uoni hafifu kwa sababu ya mtoto wa jicho, na tafiti za nchi nyingi zinazoendelea, Tanzania ikiwamo, zimeonyesha kwamba wanawake hupata upasuaji huu kwa nadra kuliko wanaume. Watafiti waliozungumza na familia mkoani Kilimanjaro miaka ya 2000 walikuta kwamba uamuzi mara nyingi si wa mgonjwa. Hutegemea nani atamsindikiza, nani atalipa, na kama walio karibu naye wanaona ana haja ya kuona. Bibi anayesema "niacheni" amesoma nyuso zetu hata kama hazioni.

Nilimsindikiza mimi. Daktari alipima presha ya jicho kwanza, kwa sababu si kila ukungu ni mtoto wa jicho. Glakoma nayo huiba uoni kimyakimya, na ilichoiba hakirudi. Ndiyo maana ni hatari mtu kujipangia ugonjwa nyumbani na kungoja. Alitueleza pia kwamba hakuna tone la duka wala la miti linaloyeyusha mtoto wa jicho, na kwamba dawa za majani zinazotiwa machoni zimepofusha wengi kwa kuwachoma konea. Na kwamba miezi au miaka baadaye kile kifuko kinaweza kupata ukungu, watu wakadhani ugonjwa umerudi, kumbe husafishwa kwa mwale wa leza kwa dakika chache. Lakini jicho lililopasuliwa likiuma, likiwa jekundu, au uoni ukishuka, ni kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Bandeji ya shangazi ilipoondolewa, mjukuu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Alizaliwa ukungu ukiwa umeshashuka, kwa hiyo bibi yake alikuwa akimjua kwa sauti na kiganja. Alimtazama kwa muda mrefu. "Kumbe umefanana na babu yako," akasema, kisha akamwambia asogee, ageuke, amtazame tena.

Mtoto amerudi shule. Jicho la pili la shangazi limepangiwa kliniki ya mwezi ujao. Safari hii nauli na gharama anatoa mwenyewe, kwa pesa za machungwa aliyoyasimamia kuchumwa mti kwa mti, na binamu zangu amewaarifu tu tarehe.