Ofisa wa jeshi la majini: anafunzwa wapi, anapandaje cheo, na kwa nini hakai kazini

Katika mikutano yetu na familia zilizokimbia vita na kutua kandokando ya ziwa Tanganyika, mazungumzo yakifika kwenye usalama wa safari, watu hawaongei sana juu ya waasi. Wanaongea juu ya bandari. Wanataja askari anayedai pesa kabla mtumbwi haujafungwa, boti ya doria isiyo na mafuta siku watu wanapozama, na kamanda mpya anayekuja na masharti mapya wakati wa zamani alikuwa ameanza kusikilizana na wavuvi. Kisha wanauliza: hawa watu walisomea wapi kazi hii?

Tunaona swali hilo lina faida kuliko malalamiko peke yake. Viongozi wengi wa kambi na wa vijiji wanaitwa kwenye mazungumzo ya amani, na huko mambo ya vyeo vya kijeshi yanatajwa kila mara. Ni vizuri mwenye kuketi kwenye meza hiyo ajue cheo cha ofisa wa majini kinabeba nini ndani yake.

Jeshi letu, FARDC, lina sehemu tatu: jeshi la nchi kavu, jeshi la anga na jeshi la majini. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 juu ya ulinzi na majeshi ndiyo iliyoweka mpango wa jeshi jipya baada ya vita. Mtu akisikia «majini» anafikiri bahari, lakini bahari yetu ni fupi, kilomita zipatazo 40 tu upande wa Muanda na Banana. Kazi kubwa iko kwenye mto Kongo na kwenye maziwa ya mashariki: Tanganyika, Kivu, Edward na Albert. Ndiko watu na mali wanakopita, na silaha pia.

Ofisa anaanza wapi? Chuo kikubwa cha kufunza maofisa wa nchi yetu kiko Kananga, mbali sana na maziwa haya. Wengine wanatumwa nchi za nje. Huko kijana anajifunza mambo ambayo kila ofisa anapaswa kuyajua: nidhamu, silaha, kuongoza watu, sheria ya vita. Hayo ni ya lazima, lakini hayamfanyi kuwa mtu wa maji. Ofisa wa nchi kavu akipotea njia, anaweza kusimama na kuuliza mwanakijiji. Katikati ya ziwa hakuna wa kuuliza. Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 600, na katika miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hivi hadi Septemba, upepo wa kusini unainua mawimbi ambayo wavuvi wetu wazoefu wenyewe wanayakimbia. Mwenye kuongoza boti hapo lazima ajue kusoma ramani ya ziwa na dira, kupima mafuta ya kwenda na ya kurudi, kutambua mtumbwi uliopakiwa kupita kiasi kabla haujaondoka, kuongea kwa redio, kukaribia chombo kinachozama bila kukipindua, kuopoa mtu usiku. Hayo hayaandikwi ubaoni yakaisha. Katika jeshi la majini linalofanya kazi vizuri, ofisa kijana hapewi boti siku ya kwanza. Anakaa zamu chini ya mkubwa wake, miezi na miaka, mpaka yule mkubwa aridhike kumwachia usukani.

Hapa tuseme kidogo juu ya vyeo, maana vinawachanganya wengi, na barua ikiandikwa kwa cheo kisicho chake inaweza kukaa mezani bila kujibiwa. Vyeo vya majini vina majina ya Kifaransa ambayo si sawa na ya nchi kavu. Anayeitwa luteni wa veso ni sawa na kapiteni wa nchi kavu, si luteni. Kapiteni wa korveti ni sawa na meja, yule tunayemwita majoro. Kapiteni wa frigati analingana na luteni kanali, na kapiteni wa veso analingana na kanali kamili. Juu yao ndio maadmirali, wanaolingana na majenerali. Kwa hiyo mzee akiambiwa «kapiteni amekuja», aulize ni kapiteni wa nini.

Kwa kawaida, kupanda ngazi hiyo kunahitaji miaka, masomo na nafasi iliyo wazi. Kwetu njia hiyo ilikatwa na vita. Baada ya makubaliano ya Pretoria ya Desemba 2002, serikali ya mpito ilianza mwaka 2003, na pande zote zilizopigana ziligawana viti, hata viti vya jeshini. Kila upande ulileta orodha yake ya maofisa. Hatuwalaumu waliotia sahihi: bila mgawanyo ule huenda risasi zisingenyamaza. Lakini matokeo yake yalionekana. Jenerali Dieudonné Amuli Bahigwa, aliyewekwa juu ya jeshi la majini wakati wa mpito, mwaka 2009 alikuwa akiongoza operesheni Kimia II katika milima ya Kivu. Baadaye akaongoza polisi ya taifa. Hatusemi juu ya uwezo wa mtu huyo. Tunaonyesha tu kwamba kwetu ofisa anaweza kutoka majini kwenda milimani na kwenda polisi, na jeshi la majini linakuwa kituo cha kupita, si kazi ya maisha.

Chini ya ngazi ilikuwa vivyo hivyo. Wapiganaji walipitishwa katika brassage, kwenye vituo kama Kitona, Kamina, Luberizi na Nyaleke, kwa mafunzo ya siku 45, ili zitoke brigedi mpya za nchi kavu. Mwaka 2009 wapiganaji wa CNDP na wa vikundi vingine waliingizwa jeshini kwa haraka kuliko hapo, wakabaki na vyeo vyao. Mnamo 2012 sehemu ya maofisa wale iliasi, likazaliwa kundi la M23. Siku 45 zinaweza kumzoesha mtu kusimama mstari mmoja na adui wake wa jana, na hilo si jambo dogo. Haziwezi kumfundisha maji.

Sasa tuje kwenye kubaki kazini. Watu wengi wanafikiri tatizo la jeshi letu ni kwamba askari wanakimbia. Kwa maofisa mambo ni tofauti: anayepaswa kuondoka habaki kwa kupenda, anabaki kwa sababu hana pa kwenda, na aliyefunzwa vizuri ndiye anayetafuta mlango. Ofisa mzee anajua kwamba akistaafu, atakachopata hakitalisha nyumba yake, basi anashikilia nafasi. Kijana aliye chini yake anaona ngazi imezibwa. Fundi wa injini au nahodha anayejua ziwa anaweza kuajiriwa na mwenye boti za biashara kwa malipo yanayofika kila mwezi. Na boti ya doria ikikosa mafuta au kipuri kwa muda mrefu, hata aliyesoma anasahau, kwa maana mtu wa maji asiyetoka majini anakuwa askari wa lango tu.

Mshahara nao una historia. Zamani pesa za askari zilipita mikononi mwa makamanda, kila mkono ukikata kipande. Ujumbe wa Ulaya ulioitwa EUSEC, uliofanya kazi nchini kuanzia 2005 hadi 2015, ulisaidia kuhesabu askari na kutenganisha njia ya amri na njia ya malipo, na baadaye malipo yakaanza kupitia benki. Ilikuwa hatua nzuri, pengine iliyo bora kuliko zote za miaka ile. Mnamo Machi 2025 Rais aliagiza mishahara ya askari na polisi iongezwe mara mbili. Lakini mshahara haugusi desturi nyingine, ile inayoitwa raportaji, ambapo wa chini anatakiwa kumpelekea mkubwa wake fungu kila wiki au kila mwezi ili abaki kwenye kituo chenye faida. Bandari ni kituo chenye faida. Anayenunua nafasi hiyo atarudisha pesa yake kutoka kwa mama mwenye magunia mawili ya muhogo, na mkubwa akibadilishwa, hesabu inaanza upya.

Maofisa wasiojua maji wanagharimu zaidi ya pesa. Katika ziwa Edward, Julai 2018, askari wa majini wa Kongo na wa Uganda walipigana risasi, watu wakafa, na wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge wakabaki na hofu ya kukamatwa kila wanapovuta nyavu. Mpaka ziwani hauna jiwe wala uzio. Unahitaji mtu anayejua kuusoma na kuzungumza na mwenzake wa ng'ambo kabla ya risasi. Katika ziwa Kivu, tarehe 3 Oktoba 2024, boti ya Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, imejaa kupita kiasi kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa na mapigano. Makumi ya watu walikufa mbele ya macho ya waliokuwa ufukweni. Kuruhusu boti kuondoka ni kazi ya ofisi ya kiraia ya usafiri wa majini, lakini kuokoa kunahitaji boti iliyo tayari na mtu anayejua.

Wale waliorudi kutoka Tanzania kuanzia mwaka 2005, kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, wanakumbuka kwamba kila abiria aliandikwa na kuhesabiwa kabla ya kamba kufunguliwa. Kuhesabu watu hakudai mali nyingi.

Haya yanarudi sasa. Mnamo Julai 2025 serikali na AFC/M23 walitia sahihi tamko la kanuni huko Doha, na vikundi vingi vinatazamia nafasi jeshini. Maoni yetu ni haya: anayeweka silaha chini anastahili kutunzwa, apewe njia ya kuishi, hata heshima yake. Uongozi wa boti ni jambo lingine. Viongozi wanaoitwa kwenye mazungumzo waombe yaandikwe wazi kwamba hakuna atakayepewa amri juu ya maji bila mafunzo ya maji, na kwamba maofisa wazee wapewe kustaafu kunakoeleweka, ili vijana waliofunzwa wapate nafasi.

Kwa mambo ya kila siku bandarini, dekreti ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja idara nne tu zenye haki ya kufanya kazi mipakani: forodha, iliyokuja kuitwa DGDA, OCC, huduma ya afya na usafi, na DGM. Jeshi la majini halimo. Askari akidai pesa, msibishane naye ukingoni mwa maji, hasa usiku. Andikeni siku, saa, mahali, kiasi, na namba ya boti kama ipo. Komiti ya kambi ikusanye visa kadhaa pamoja, bila kuweka jina la mama mmoja peke yake mbele, na watu watatu au wanne wavipeleke kwa kamanda wa kituo, kwa cheo chake halisi, nakala kwa msimamizi wa teritware. Asiposikia, kuna oditora ya kijeshi, inayofuata sheria mbili za tarehe 18 Novemba 2002, moja ya mahakama za kijeshi na nyingine ya adhabu za kijeshi. Nakala moja ibaki kwa mwandishi wa komiti, maana kamanda atabadilishwa na anayefuata atasema hakukuta kitu.