Rangi ya gari ikitoka mubaya: tafuta kosa mbele ya kupuliza tena



Mwezi wa ine, koperative moja ya bonde la Ruzizi iliniita kwa ajili ya mahindi. Kwenye kiwanja nilikuta kamioneti yao imepakwa rangi mupya, lakini mlango ulikuwa na michirizi kama machozi, na paa lilikuwa na vishimo vidogo-vidogo. Wanamemba walikuwa wamechanga feza, wakakodi kompresere na pistole kwa siku mbili, wakapuliza wenyewe. Kila doa lilipoonekana, waliongeza rangi juu yake. Jioni mikebe ilikuwa imekwisha, madoa yamezidi.

"Agronome, hii pistole iko mubaya," mzee mmoja aliniambia.

Pistole haikuwa mbaya. Mimi si fundi wa karoseri, lakini mtu anayejua pulverizateri ya mgongoni anaelewa pistole haraka: presha, tundu, umbali, na mwendo wa mkono. Tulimwita fundi wa garaji, tukaangalia doa moja-moja. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Machozi. Rangi inatiririka kwa sababu ni nyingi mahali pamoja: mkono uko karibu sana, unaenda polepole, ao mumetia diluanti kupita kiasi. Shikeni pistole kwa sentimita 15 mpaka 20, mkono utembee sawasawa, kila mstari ufunike nusu ya mstari uliotangulia. Usipanguse chozi likiwa bichi. Acha likauke kabisa, lisugue na msasa namba 800 pamoja na maji, kisha upulize tena.

Ngozi ya chungwa. Uso unakuwa na mabonde madogo. Rangi ni nzito, presha ni kidogo, pistole iko mbali, ao bati limechomwa na jua na rangi inakauka mbele ya kutandaa. Jaribuni kwanza juu ya bati la zamani, murekebishe, ndipo muende kwenye gari.

Macho ya samaki. Ni vishimo vya mviringo. Rangi inakimbia mahali hapo. Sababu ni mafuta: ya injini, ya mikono, ao yale kompresere inayotupa pamoja na hewa. Kuongeza rangi hakusaidii, mafuta yanabaki chini. Simama, acha ikauke, sugua, safisha na kitambaa safi chenye diluanti, kausha na kitambaa kingine. Msisafishe na esansi: inaacha mafuta, na inawaka moto upesi.

Malengelenge. Mara nyingi ni maji ao kutu chini ya rangi. Hewa ikikandamizwa inaacha maji katika tangi. Fungueni robine ya chini ya tangi mbele ya kazi, na tena katikati ya kazi. Kutu lazima iondolewe mpaka chuma king'ae, halafu ipakwe rangi ya kuzuia kutu. Kutu iliyofunikwa inaendelea kula bati kimya-kimya, kama bungo ndani ya gunia la maharagi.

Weupe kama ukungu. Unyevu wa hewa umeingia ndani ya rangi. Ndiyo shida ya kupuliza wakati wa mvua. Kwetu Kivu ya Kusini mezi ya 6 mpaka ya 8 ni mazuri zaidi, ila kuna vumbi. Ngojeni umande uishe, mnyunyize maji kidogo chini kulaza vumbi, mufanye kazi mbele ya upepo wa mchana.

Mikunjo. Diluanti ya rangi mupya inapandisha rangi ya zamani. Wekeni kitambaa chenye diluanti mahali pa kujificha kwa dakika chache. Rangi ya zamani ikilainika ao ikikunjamana, msipulize juu yake, iondolewe kwanza.

Sasa, kuhusu afya. Rangi ya mikebe miwili, ile ya kuchanganya na dawa ya kukausha, inaweza kuleta pumu, na masiki ya vumbi haizuii kitu. Muiachie garaji yenye vifaa. Hata rangi ya mkebe mmoja, ipulizwe inje, na masiki yenye chujio la kaboni, mbali na mbabula, sigara na watoto. Na pulverizateri ya shamba isiguse rangi hata siku moja: diluanti inakula mipira yake, na mabaki ya dawa ya wadudu yatawarudilia usoni. Sehemu ya kupakilia mahindi, ingojeni mpaka harufu iishe kabisa, kisha mutandike shitingi.

Ile koperative ilingoja mwezi wa 6. Walisugua gari siku tatu, wakapuliza siku moja, wakianza na mlango mmoja tu. Kwenye mlango huo macho ya samaki yalitokea tena. Safari hii walisimama. Waliondoa maji na mafuta kwenye tangi, wakaurudilia mlango peke yake, halafu ndipo wakaendelea na gari zima. Walipoteza nusu siku na rangi kidogo.

Mchango wa wanamemba ni jasho la shamba. Doa la kwanza likionekana, weka pistole chini, utafute kosa.