Fahamu: Ajira feki za kufundisha Kiingereza Asia

Ni matangazo ya nafasi za ualimu zisizokuwepo. Wengine hupoteza fedha tu. Wengine huangukia mikononi mwa wasafirishaji haramu wa binadamu.

Tiketi ya Bangkok, safari ya Myanmar

Wakenya na Waganda ni miongoni mwa walioahidiwa kazi nzuri Thailand, wakapelekwa hadi mji wa mpakani wa Mae Sot na kuvushwa mto Moei kuingia Myawaddy, Myanmar. Huko walilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Kujua hilo mapema kunaokoa maisha.

Viza husema ukweli

Mwalimu wa kigeni Thailand huhitaji viza ya Non-B na kibali cha kazi. China, viza ya Z. Ukiambiwa "ingia kama mtalii, mengine tutayamalizia huku", achana nao. Korea Kusini, viza ya E-2 ya walimu wa Kiingereza kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi 7, Afrika Kusini ikiwemo. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo.

Dalili nyingine

Usaili ni wa ujumbe wa WhatsApp pekee. Ajabu kubwa zaidi: mtu anakuajiri ufundishe Kiingereza, lakini hataki hata kukusikia ukikizungumza!

Pa kuuliza

Ipigie shule kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Wakala mhakiki kabla ya kulipa chochote: Kenya kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira (NEA), Tanzania kwa Kamishna wa Kazi.