MWANDISHI NAYE NI MFANYAKAZI

Wako wananchi wengi wanaoamini ya kuwa kitabu au shairi humjia mtungaji kama mvua imshukiavyo mkulima: yeye hana jasho alilotoa, ila amejaliwa tu. Kwa imani hiyo mwandishi huhesabiwa miongoni mwa watu wa starehe, na kazi yake huombwa bure. Sisi twasema kuwa wazo hilo si la kweli, na lina hasara kwa taifa.

Tumtazame marehemu Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, na alisoma shule mjini Dar es Salaam kwa miaka michache tu, kati ya 1922 na 1926. Tangu mwaka huo wa 1926 hata 1944 alikuwa karani wa Forodha. Baadaye akatumika katika idara ya wanyama, kisha katika ofisi ya wilaya ya Tanga, na mwisho katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Mshahara wake ulikuwa wa ukarani. Mchana ulikuwa wa mwajiri. Kalamu yake mwenyewe ilingoja saa zilizobaki.

Katika saa hizo alitunga, pamoja na mengine mengi, Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaosimulia Vita Vikuu vya Pili vya mwaka 1939 hadi 1945. Utenzi huo una beti zipatazo 3,000. Kila ubeti una mistari minne, na kila mstari una mizani nane. Hesabu yake ni mizani 32 kwa ubeti, na kwa utenzi mzima karibu 96,000, wala hapana hata moja iliyojipanga yenyewe. Juu ya hayo vina havina budi kuafikiana, na habari isipotee njiani. Asemaye kuwa kazi hii hufanywa na kipaji peke yake, na ajaribu kutunga beti kumi jioni ya leo.

Sisi tushikao kalamu ya gazeti twaijua taabu hii kwa kadiri yetu. Andiko la kwanza karibu daima ni baya. Aya ya mwanzo, ambayo mwandishi aliipenda sana, mara nyingi ndiyo ipasayo kufutwa, maana ndani yake alikuwa bado anatafuta la kusema. Yafaa andiko liachwe lilale, kisha lisomwe kwa sauti, kwa kuwa sikio hukamata kosa ambalo jicho limelipita. Neno lililowekwa kwa kujionyesha huondolewa, na neno la kweli hutafutwa hata lipatikane. Seremala hupiga randa ubao mpaka mkono usikwaruzwe. Mwandishi naye hana njia nyingine.

Tena mfanyakazi asidhani kuwa ajira yake humzuia kuwa mwandishi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alikuwa Bwana Afya kwa miaka mingi kabla ya kuingia katika kazi ya magazeti mwaka 1948. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, ikachapwa kitabu mwaka 1960. Mtu ambaye kazi yake humpitisha katika nyumba za watu huona mengi. Kadhalika dereva, muuguzi na mchukuzi wa bandarini wana habari ambazo hakuna mwingine awezaye kuzisimulia kwa usahihi wao.

Lakini kuna deni ambalo hatuna budi kulikiri. Shaaban Robert alifariki tarehe 22 Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Kufikirika kilitoka mwaka 1967, na Utenzi wa Vita vya Uhuru mwaka huo huo. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilifuata mwaka 1968. Mwenye kuvitoa jasho hakupata kuvishika mkononi. Wahenga husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kitabu kilichomo sandukuni hakiwezi kujiuza, hata kiwe kizuri namna gani.

Je, leo tunawatendea walio hai kwa namna iliyo bora? Mshairi huitwa mkutanoni. Husoma, hupigiwa makofi, kisha hurudi kwake kwa nauli yake mwenyewe, hali mwenye viti na turubai amekwisha lipwa. Nasi wa magazeti hatujitoi katika lawama hii: ni mara ngapi shairi la msomaji limefika mezani, likakaa bila kuchapwa wala kujibiwa?

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka, miongoni mwa imani za TANU, kwamba kila mtu ana haki ya kupata malipo ya haki kutokana na kazi yake. Halikumtenga mwenye kalamu. Na jambo hili si la fedha tu. Mwandishi aombaye hulazimika kusifu, na kila siku husifu zaidi. Apataye haki yake huweza kutuambia kweli, hata ile tusiyoipenda. Chama cha wafanyakazi na wakulima chahitaji kuambiwa kweli.

Kwa hiyo twatoa shauri. Tawi limwitapo mtungaji, lipange ujira wake pamoja na gharama nyingine za mkutano. Mwanachama apendaye kitabu, akinunue. Mhariri apokeaye andiko, alijibu. Na mfanyakazi mwenye jambo moyoni ajitengee nusu saa kila siku, aandike, afute, aandike tena. Haba na haba hujaza kibaba.

Wananchi wa Tanganyika walipopata uhuru wao mwaka 1961, waliambiwa Uhuru na Kazi. Neno hilo halikuwa la jembe na nyundo peke yake.