Askari wa Bahari na Bibi Yake



Hapa kwetu katika makambi ya mine, mwanaume anajulikana kwa kazi yake. Lakini siku kazi inakwisha, anabaki na nani? Anabaki na watu wa nyumba yake. Kwa hiyo leo tumukumbuke Jimmy Carter, aliyekufa tarehe 29 Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Wengi wanamujua kama Prezidenti wa Marekani, toka 1977 mpaka 1981. Sisi tumuangalie kama askari wa bahari na baba wa jamaa.

Alizaliwa mwaka 1924 kule Plains, muji mudogo wa wakulima wa karanga katika jimbo la Georgia. Mwaka 1946 alimaliza masomo ya jeshi la bahari, na kisha mwezi mumoja akaoa Rosalynn, binti wa muji ule ule. Alitumika miaka saba, hata katika manowari zenye kutembea chini ya maji. Kisha wakamutia katika kazi ya kutayarisha manowari zenye kwenda kwa nguvu ya uranium. Ninyi watu wa Katanga, uranium munaijua: Shinkolobwe iko kwetu.

Desemba 1952, mutambo wa uranium uliharibika kule Chalk River, Kanada. Carter akatumwa na watu wake kwenda kuufungua. Kila mutu aliingia karibu sekunde 90 tu, akatoka mbio, juu ya ile sumu isiyoonekana kwa macho. Lakini mbele ya kuingia, walijizoeza wote pamoja inje, juu ya mufano wa mutambo ule. Muchimba muzuri anafahamu: pahali pa hatari, hauingii bila kupatana na wenzako.

Nyumbani, Carter hakufanya hivyo. Mwaka 1953 baba yake alikufa kwa kansa. Watu wengi, weusi na weupe, walisimulia mema ambayo muzee aliwatendea. Neno hili lilimugusa sana. Akaamua kuacha jeshi na kurudia Plains. Lilikuwa kusudi zuri, sivyo? Lakini hakumuuliza bibi yake hata kidogo. Rosalynn alipenda maisha ya jeshi. Alikasirika, na katika safari ya kurudi alikuwa karibu kunyamaza kabisa. Walikuwa na watoto watatu wadogo, na walikaa katika nyumba ya serikali ya watu wa mapato kidogo. Mwaka 1954 mvua ilikosekana. Faida yao haikufika dola 200.

Basi Rosalynn akaanza kushika vitabu vya hesabu vya depo ya karanga. Kidogo kidogo, bwana akaona kwamba bibi anaifahamu ile biashara vizuri, akaanza kumuuliza shauri. Alipokuwa Prezidenti, bibi aliketi hata katika mikutano ya waministri, akisikiliza na kuandika. Na Carter mwenyewe, katika uzee, alisema waziwazi kwamba alishangaa namna gani aliweza kuamua neno kubwa vile peke yake.

Alipokosa kura mwaka 1980, walirudia Plains, katika nyumba yao ile ile. Biashara ilikuwa na deni kubwa. Wakaanza tena, wote wawili. Alifundisha masomo ya Siku ya Mungu katika kanisa lao la Baptiste. Kila usiku walisoma Biblia pamoja. Ndoa yao ilidumu miaka 77, mpaka Rosalynn alipokufa tarehe 19 Novemba 2023.

Tangu 2005 kuko manowari yenye jina la Carter. Lakini kaburi lake liko Plains, kando ya bibi yake.

Wewe baba, labda unataka kuhamia mine ingine, ao kuacha kazi uende kulima, ao kuuzisha kiwanja. Pengine kusudi lako ni zuri. Umekwisha kumuambia mama ya watoto? Usingoje siku ya kufunga mizigo. Keti naye leo jioni, umuulize, na umusikilize mpaka mwisho. Nanyi vijana munaotaka kuoa, muanze desturi hii tangu uchumba.