Mkutano kwa Video: Namna ya Kuokoa Mega

Barabara zinapofungwa, wachungaji wa Goma, Bukavu, Beni na Bunia hawawezi kukutana uso kwa uso. Wengi wanakutana kwa simu, kupitia WhatsApp au Zoom. Lakini mara nyingi mega zinaisha kabla ya ombi la mwisho, na ndugu anatoka bila kujua lililoamuliwa.

Kinachokula mega ni picha. Kamera hutuma picha nyingi kila sekunde, lakini sauti ni nyepesi. Mtandao ukiwa dhaifu, picha na sauti vinagombania njia moja, ndipo maneno yanakatika. Ukizima kamera yako, unaokoa mega za kutuma tu. Picha za wengine bado zinakufikia. Basi wote wazime, aonekane msemaji peke yake. Wasiosema wafunge pia maikro.

Zoom ya bure inakata mkutano wa kundi baada ya dakika 40, kwa hiyo anzeni na mambo makubwa. WhatsApp inapokea watu 32. Wanaokaa karibu wakusanyike kwenye simu moja, na mega za mmoja zitatosha wote.

Mkikutana na ndugu wa Kinshasa, tajeni saa ya nani: saa tatu kwao ni saa nne kwetu.

Tena, kiungo cha mkutano msikitawanye ovyo. Habari za waamini walio hatarini zisifike masikioni mwa wasiohusika.