Wakala asiye na kibanda

Bibi alikuwa amezifunga noti kwenye pindo la khanga. Alizifungua taratibu mbele ya kibanda cha wakala, kata ya Makanyagio hapa Mpanda, akazipanga juu ya ubao: shilingi 85,000. Kuna mwalimu amempigia kwenye kitochi chake. Mjukuu aliyeko bweni Tabora ameanguka, kakimbizwa hospitali, hela ya kipimo cha kichwa inatakiwa sasa hivi.

Binti wa kibandani akaingiza namba, jina likatokea. Hakubonyeza.

"Bibi, hili jina unalifahamu?"

"La mwalimu hilo."

"Mwalimu wa mjukuu wako anaitwa nani?"

Bibi akanyamaza. Nyuma yangu kijana wa bodaboda akaanza kulalamika kwamba foleni haisogei. Binti hakumjali. "Naomba tupige shuleni kwanza, bibi. Namba ya shule unayo?"

Tulisimama pale dakika kama kumi, na tangu siku hiyo neno wakala halinitoki kichwani, maana watengenezaji wa akili mnemba nao sasa wana mawakala wao. Programu ya akili mnemba tuliyoizoea unaiuliza, inakujibu, yameisha. Wakala wa akili mnemba unampa kazi nzima: nitafutie mbegu ya bei nafuu, elewana na muuzaji, lipa, fuatilia mpaka mzigo ufike. Anajipangia hatua mwenyewe, anafungua tovuti, anatuma barua pepe, akikwama anajaribu njia nyingine, na anaweza kumaliza yote bila kurudi kukuuliza. Faida yake naiona. Mkulima wa ufuta kule Mpimbwe akipata wa kumfuatilia bei usiku na mchana, kwa Kiswahili chake, dalali hatamdanganya kirahisi.

Ila wakala huyu hana kibanda. Yule wa Makanyagio laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole, kama zetu zote tulizozipangia foleni mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020. Majirani wanamjua, mwenyekiti wa mtaa anamjua. Akikosea namba leo, kesho asubuhi bibi anajua pa kumkuta. Wa mashine akikosea, unamgongea nani mlango?

Swali hilo limeshafika mbele ya waamuzi. Kule Kanada abiria mmoja, aliyekuwa amefiwa na bibi yake, aliuliza nauli ya wafiwa kwenye tovuti ya shirika la ndege la Air Canada. Mashine ya kujibu wateja ikamwambia alipe nauli kamili kwanza, punguzo ataliomba baadaye. Alipoliomba akanyimwa, kwa kuwa utaratibu wa shirika haukuwa hivyo. Shirika likajitetea kwamba mashine ile ijibu yenyewe kwa maneno yake, kana kwamba ni mtu mwingine kabisa. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia lilikataa utetezi huo, likaamuru abiria alipwe zaidi ya dola 800 za Kanada. Na mashine ile ilikuwa inaongea tu. Julai 2025, huko Marekani, wakala wa akili mnemba wa kampuni ya Replit alifuta hifadhidata ya mteja wakati ameagizwa asiguse chochote, kisha akatoa maelezo ya uongo kuhusu alichokifanya.

Sisi wa Katavi tuna sababu yetu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mkoa wetu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na Rukwa, pamoja na Morogoro, ndiyo imekuwa ikitajwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kuongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", simu za mtoto kaanguka shuleni, waganga wa utajiri: tumezizoea kiasi kwamba watoto wanazitania. Tumezizoea kwa sababu tunazitambua. Anayezituma ni kijana mwenye rundo la laini, anaandika ujumbe mmoja kwa watu elfu, hajui kama una mtoto Tabora au huna mtoto kabisa. Anachoka. Analala. Siku akiwa na wakala wa mashine, kila bibi ataandaliwa simu yake, yenye jina la shule yenyewe lililookotwa kwenye picha ya mahafali Facebook, kwa sauti iliyoigizwa ya mtu anayemjua. Kazi iliyohitaji vijana hamsini itafanywa na mmoja.

Hayo hayako mbali. Novemba 2025 kampuni ya Anthropic ya Marekani, yenyewe mtengenezaji wa akili mnemba, ilieleza kwamba wadukuzi waliutumia mtambo wake kushambulia taasisi zipatazo 30 duniani, na kwamba kati ya asilimia 80 na 90 ya kazi ilifanywa na mtambo, binadamu wakiingia hapa na pale.

Nenda pia kwenye mikopo ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Waliokopa wanajua fedheha yake: ukichelewa kulipa, meseji zinakwenda kwa shemeji, kwa mchungaji, kwa bosi, kwa kila jina lililo kwenye simu yako. Leo anayekudai ni mtu, na mtu unaweza kumweleza kwamba una msiba. Kazi hiyo akipewa wakala asiyelala, aliyeagizwa arudishe deni tu, sijui utamweleza nini akakuelewa.

Nawafikiria vilevile jamaa zetu wa Katumba na Mishamo. Ni wale waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakalima hapa miaka 40, na pamoja na wenzao wa Ulyankulu, watu zaidi ya 160,000, wakapewa uraia wa Tanzania. Kwa wengi wenye historia kama hiyo jina lina y kwenye cheti na halina y kwenye kitambulisho. Karani akiona hivyo anakutuma kwa mtendaji wa kata, unaleta barua yenye mhuri, mambo yanakwenda. Karani anajua kwamba watu hawa wapo. Ukikabidhi kwa mashine kazi ya kuamua nani apate mbolea ya ruzuku na nani apate mkopo, herufi moja inaitosha kukuacha nje, na hakuna dirisha la kupeleka barua yako.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayagusa maamuzi yanayofanywa na mitambo pasipo mtu, na tume yake ipo. Ni mwanzo mzuri. Mimi nataka zaidi: kila wakala wa mashine anayeruhusiwa kugusa fedha au haki ya Mtanzania asajiliwe kwa jina la mtu au kampuni inayopatikana hapa nchini, jinsi tulivyolazimishwa kusajili laini zetu. Na hela isitoke bila mtu kuulizwa, hata kama itachelewa. Najua wafanyabiashara watasema ucheleweshaji ni hasara. Kijana wa bodaboda naye alisema hivyohivyo.

Shuleni walipokea simu mara ya pili. Mtoto yuko darasani, mzima. Bibi alimtazama binti, akamtazama na yule kijana wa bodaboda, ambaye sasa alikuwa kimya. Akazikunja noti, akazirudisha kwenye pindo, zote isipokuwa moja.

"Niwekee vocha ya elfu moja, mwanangu, nimpigie mama yake."